Mbwa wa udongo wa Colima: walichomwaje bila tanuri, na walizikwa kwa nini?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari mkoani Mbeya. Ufinyanzi nilifundishwa na bibi yangu upande wa Kyela, lakini yeye alifinyanga vyungu tu, si sanamu. Mwaka huu niliwaonyesha wanafunzi picha ya mbwa wa udongo kutoka Colima, Meksiko, yule mnene mwekundu anayeng'aa, tukajaribu kufinyanga wa kwetu. Tuliwajaza udongo ndani ili wasibonyee, tukawasugua kwa kokoto, tukawaanika, tukawachoma kwa kuni na nyasi. Karibu wote wamepasuka motoni kwa kishindo. Watu wale wa kale, bila gurudumu wala tanuri, waliwezaje? Na je, ni kweli kwamba mbwa hao walizikwa na maiti ili wamvushe mto wa kuzimu? Mwenzangu anasema nyingi ya sanamu hizo ni bandia."

Jibu: Mwalimu, nianze na moto, kwa sababu ukishaelewa kilichowapasua mbwa wenu utakuwa umeshawaelewa nusu ya mbwa wa Colima.

Kilichowapasua ni mvuke, na ulitoka kwenye ule udongo mliowajaza tumboni. Wengi husema ni hewa iliyonaswa. Hewa huchangia pale tu sanamu inapozibwa pande zote. Mhusika mkuu ni maji. Udongo ulioanikwa kivulini unaweza kukauka juu huku moyo wake ukiwa bado mbichi. Joto likifika nyuzi 100 maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Ukiwa na pa kutokea, unatoka bila madhara. Ukiwa katikati ya bonge la udongo, unalivunja bonge. Tena hata udongo mkavu kabisa una maji mengine, yaliyofungamana na chembe zake zenyewe, ambayo hayatoki mpaka joto lifike kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Hayo yakishatoka, udongo hauwezi tena kulainika ukawa tope. Ndipo unapoitwa chungu. Ukuta mwembamba huyaachia maji haya yote mawili polepole. Bonge haliwezi.

Sasa mtazame tena mbwa wa Colima. Yule ni chungu, Mwalimu, na bibi yako angemfinyanga bila shida. Tumbo lake ni kama mabakuli mawili yaliyounganishwa midomo, la chini na la juu, yaliyojengwa kwa kamba na mabamba ya udongo, kisha mshono ukakandwa ukapotea. Kichwa ni kibakuli kingine. Miguu ile mifupi minono mara nyingi ina uwazi ndani, na uwazi huo umeungana na wa tumbo. Sehemu ambazo hazina uwazi ni ndogo na nyembamba: masikio, ncha ya mkia. Halafu utakuta tundu. Mara nyingi ni mdomo wa chungu uliotokeza mkiani au juu ya kichwa, na kwenye sanamu za watu unaweza kulikuta utosini au mahali pengine pasipovuta jicho. Tundu hilo lilifanya kazi mbili: kiumbe akawa chombo chenye mdomo, na moto ulipowaka mvuke ukapata mlango.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naliona la kifundi sana, na watazamaji wa makumbusho hulipita bila kulijua. Kusugua kwa kokoto hulaza chembe za udongo na kuziba vinyweleo. Ndiyo maana chungu kilichosuguliwa hakivuji sana, na ndiyo maana pia mvuke hupata shida kutoka kupitia ngozi yake ya nje. Nyinyi mliwasugua mbwa waliojaa, mkawafungia mvuke pande zote. Mfinyanzi wa Colima alisugua nje tu. Ndani aliacha mkwaruzo, na kwenye vipande vilivyovunjika alama za vidole bado zinaonekana. Mvuke ukawa na njia: unaingia tumboni, unatokea mkiani.

Kuhusu wekundu, ni uji wa udongo laini wenye ngeu, uliopakwa sanamu ikiwa imeanza kukakamaa, kisha ikasuguliwa kabla haijakauka. Ukisubiri ikauke kabisa, kokoto itachubua badala ya kung'arisha. Ngeu ni chuma kilichoshika kutu, na wekundu wake hutulia palipo na hewa ya kutosha. Pale ukuni au majivu yalipoigusa sanamu na kuinyima hewa, panabaki wingu jeusi. Mng'ao nao hautaki moto mkali: ukizidi nyuzi 900 sana, ngozi ile iliyolazwa huanza kufifia. Kwa hiyo moto wa wazi, unaocheza kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, haukuwa upungufu kwa watu hawa. Ulikuwa ndio moto unaofaa kazi yao. Hatari yake ni kwamba hupanda haraka, na wafinyanzi wanaochoma hivyo, wa Amerika kama wa kwetu, huikabili kwa njia zilezile: udongo wenye mchanga au vigae vilivyopondwa ili uwe na vinyweleo, na kuvipasha vyombo kando ya moto kabla ya kuvifunika kuni. Bibi yako alikuwa akifanya hivyo. Gurudumu la mfinyanzi halikujulikana Amerika yote kabla ya Wazungu kufika, na hakuna kitu katika sanamu hizi kinacholihitaji.

Tuje kwa wenyewe. Sanamu hizi zinatoka majimbo matatu ya magharibi ya Meksiko, yaani Colima, Jalisco na Nayarit, na nyingi zilifinyangwa kati ya mwaka 300 kabla ya Kristo na 400 baada ya Kristo hivi. Jina ambalo watu hao walijiita halikutufikia, kwa kuwa hawakuacha maandishi. Tunawajua kwa viwanja vyao vya mviringo, kama vile vya Guachimontones karibu na mji wa Teuchitlán, ambavyo mwanaakiolojia Phil Weigand alianza kuvichunguza miaka ya 1970, na kwa namna walivyozika. Kaburi lao ni shimo la wima lililochimbwa kwenye mwamba laini wa volkano, mengine yakishuka mita 15 na zaidi, na chini yake chumba kimoja au zaidi kilichochongwa ubavuni. Maiti waliwekwa humo na vyakula, mapambo na sanamu, na kaburi lingeweza kufunguliwa tena kwa ajili ya ndugu mwingine.

Mbwa ndiye aliyepata umaarufu, lakini usiwaache wanafunzi wako wadhani ni mbwa tu. Jalisco kuna watu wenye nyuso ndefu na macho makali, mwanamume akiwa na ngoma au rungu, mwanamke akishika bakuli. Nayarit walipenda rangi nyingi na pete nyingi puani na masikioni, na huko ndiko kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote: nyumba ndogo za udongo zenye paa refu, zingine za ghorofa, zilizojaa watu wadogo wanaokula, wanaocheza ngoma, wanaokumbatiana, na mbwa akizungukazunguka miguuni. Kuna viwanja vya mchezo wa mpira vyenye wachezaji ndani na watazamaji wamekaa kutani. Kuna mlolongo wa watu waliounganishwa na kijiti kimoja kilichopenya mashavu yao. Katika sehemu nyingi za Meksiko ya kale sanaa ya udongo iliwashughulikia zaidi miungu na watawala. Huku magharibi mfinyanzi alitazama ua wa nyumba yake. Kwa sababu hiyo, wataalamu kwa miaka mingi waliziita sanamu za masimulizi ya kila siku, zisizo na dini ndani yake. Maoni hayo yalitawala hasa wakati mchoraji Diego Rivera alipokuwa akizikusanya kwa maelfu. Mwaka 1946 mkusanyo wake ulionyeshwa kwenye jumba la Bellas Artes mjini Mexico, na leo sehemu yake iko katika jengo la Anahuacalli alilolibuni mwenyewe, lililofunguliwa mwaka 1964, baada ya kifo chake.

Hapa ndipo penye jeraha la somo hili lote. Rivera na wakusanyaji wenzake walinunua, na waliouza walichimba. Magharibi ya Meksiko kuna jina kabisa la wachimbaji hao, moneros, na kwa vizazi kadhaa waliyasaka makaburi kwa kupima ardhi kwa chuma. Sanamu ikifika sokoni hivyo imeshapoteza mifupa iliyolala kando yake, chakula kilichokuwa kwenye bakuli lake, na hata taarifa kama ilikuwa peke yake au na mwenzi. Sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 inasema vitu vya kale ni mali ya taifa, lakini ilipofika, sehemu kubwa ya makaburi yalikuwa yameshakombwa. Mtu akikuambia kwa uhakika sanamu fulani "ina maana" hii au ile, muulize kwanza ilitoka kaburi gani. Mara nyingi jibu ni sokoni.

Ndiyo maana kaburi la Huitzilapa, Jalisco, lina uzito wake. Wanaakiolojia Jorge Ramos na Lorenza López Mestas walilifikia mwaka 1993 likiwa halijaguswa. Shimo lake lilishuka mita 7.6, na chini kulikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na watu watatu. Uti wa mgongo wa wengi wao ulikuwa na hitilafu ileile ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo inaonekana lilikuwa kaburi la ukoo. Mmoja wao, mwanamume wa miaka 45 hivi, alizikwa na mapambo ya mawe ya kijani na magome ya baharini, vazi lililoshonewa shanga, na makombe makubwa ya koa wa bahari yaliyopambwa, ingawa bahari iko mbali. Kando ya maiti zilisimamishwa sanamu kubwa zenye uwazi ndani, za wanaume na wanawake, pamoja na vyombo vilivyokuwa na chakula. Kwa mara ya kwanza tuliziona sanamu zikiwa mahali zilipowekwa na wenyewe: zimepangwa kando ya watu wa heshima, wa ukoo mmoja, katika mazishi yaliyogharimu kazi ya watu wengi. Baada ya hapo ni vigumu kuendelea kusema ni michoro ya maisha ya kawaida tu. Karamu inayoonyeshwa ndani ya zile nyumba za Nayarit huenda ndiyo karamu ya aina iliyofanywa kwenye mazishi yenyewe, na sanamu za mume na mke zinaelekea kuwa wazee wa ukoo.

Sasa mbwa na mto. Habari hiyo ni ya kweli, ila si ya Colima. Aliyeiandika ni mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún, katika karne ya 16, kwa kuwasikiliza wazee wa Waazteki. Walimwambia kwamba maiti akifika mto mpana wa kuzimu hungoja mbwa wake amvushe mgongoni. Mbwa mweupe hukataa kwa kuwa, asema, ndio kwanza ameoga. Mweusi hukataa kwa kuwa amejipaka weusi. Wa manjano ndiye anayekubali. Ni simulizi nzuri na naelewa kwa nini kila mwenye duka la sanaa anaipenda. Lakini Waazteki waliishi Bonde la Meksiko, mamia ya kilomita mashariki ya Colima, na wazee wale walisimulia zaidi ya miaka elfu moja baada ya makaburi kufungwa. Tukimpachika mbwa wa Colima maneno hayo bila kusema yametoka wapi, tunawanyang'anya wafinyanzi wake sauti kwa mara ya pili.

Hiyo haina maana kwamba wazo ni la kutupwa. Imani ya mbwa anayekutana na marehemu njiani imeenea sana Meksiko, na imani zinaweza kudumu muda mrefu. Ila kuna ushahidi mwingine ambao mbwa mwenyewe amebeba mwilini: unene wake. Wahispania walipofika waliwakuta mbwa wananenepeshwa na kuuzwa sokoni kama kitoweo. Baadhi ya mbwa wa Colima wana gunzi la hindi mdomoni, yaani wanalishwa. Yupo pia mbwa maarufu, katika jumba la makumbusho la Los Angeles, aliyevaa uso wa mtu. Mimi nawasomea wanafunzi wangu hivi: mbwa mnene kaburini ni chakula cha karamu na pia ni mwenza wa nyumbani, na yule mwenye uso wa mtu ni dalili kwamba kwa wenyewe alikuwa kitu cha zaidi ya nyama. Mpaka hapo udongo unanishuhudia. Mto sijauona kwenye udongo.

Sanamu za Colima zenye pembe moja kichwani zimepitia mjadala wa namna hiyohiyo. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Peter Furst, akitegemea imani za Wawixárika wanaoishi hadi leo milimani Nayarit na Jalisco, alidai hao ni waganga wanaopambana na nguvu za gizani. Hoja yake iliwalazimisha watu kuacha lile wazo la sanamu zisizo na dini, na hilo ni jema. Mwaka 1998 mwanahistoria wa sanaa Mark Miller Graham akaandika kwamba pembe ile ni ncha ya kombe la koa, alama ya utawala. Ukikumbuka makombe aliyozikwa nayo yule mwanamume wa Huitzilapa, utaona kwa nini naegemea upande wa Graham. Kaburi moja lililosalimika limesaidia kupima hoja iliyojengwa juu ya mamia ya sanamu zisizo na kwao.

Mwenzako kuhusu bandia hajakosea. Bei ilipopanda, waigaji walijitokeza, na wengine ni mafundi wa hali ya juu. Kisa kinachojulikana zaidi si cha magharibi bali cha Veracruz, pwani ya mashariki. Mwaka 1974 mfinyanzi Brígido Lara alikamatwa akidaiwa kuuza vitu vya kale vilivyoporwa. Alijitetea kwamba sanamu zile alizifinyanga mwenyewe, akaomba aletewe udongo gerezani, akafinyanga nyingine. Wataalamu walipozitazama wakasema ni za kale. Aliachiwa mwaka 1975, baadaye akaajiriwa na jumba la makumbusho la Xalapa kama mkarabati, na baadhi ya kazi zake zilikutwa katika makumbusho makubwa ya nchi za nje.

Kwa sanamu za magharibi kuna vipimo vinavyosaidia. Kimoja hupima mwanga unaotolewa na chembe za udongo zikipashwa joto, ambao huonyesha ni muda gani umepita tangu zichomwe mara ya mwisho. Kingine ni madoadoa meusi ya manganizi yanayojijenga juu ya sanamu iliyokaa kaburini karne nyingi. Usiyachanganye na wingu la moto nililolitaja. Wingu liko ndani ya udongo, doa la manganizi limeota juu yake. Waigaji hupaka doa kwa rangi, lakini chini ya hadubini rangi haikui kama madini. Mwanaanthropolojia Robert Pickering ameonyesha njia nyingine inayonivutia sana: wadudu waliokula maiti humo kaburini waliacha maganda yao, au alama zake, yakiwa yamegandia kwenye sanamu. Mwigaji hafikirii wadudu.

Kwa hiyo mkijaribu tena, Mwalimu, wajengeni mbwa kama vyungu viwili, ukuta wa unene mmoja, na hakikisheni miguu imeungana na tumbo kwa ndani. Acheni mdomo mkiani wa kuingia kidole. Changanyeni vigae vilivyosagwa kwenye udongo, sugueni nje tu, anikeni mpaka mkiugusisha shavuni hausikii ubaridi tena, kisha wapasheni moto kwa mbali kwa saa kadhaa kabla ya kuwafunika. Na kabla hawajakauka, kila mwanafunzi achore jina lake na mwaka chini ya tumbo, kwa kina cha kutosha ili moto usilifute wala mtu asiweze kulisugua likaisha.